Ngazi ya Masatu

Nyasura, Bunda. Jumapili, 10 Machi 1985

Daftari hili kaniletea binti yangu Marcelina, mwalimu wa shule ya msingi kule Bweri, Musoma. Alikuja juzi akanikuta naongea na sufuria. Hakucheka. Alisema, "Baba, ukiendelea kuongea peke yako majirani watasema umechanganyikiwa. Andika." Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu, padri alinifukuza kwa kumwigiza anavyopiga chafya madhabahuni. Akasema darasa la tatu linatosha. Basi naandika, na asiyependa mwandiko wangu asisome, sikumwita.

Mambo yenyewe ni haya. Masatu amekufa. Tarehe ishirini na moja Februari, kwa kifua, wiki mbili tu za kukohoa. Alikuwa fundi baiskeli pale barazani mjini Bunda, watu wote wanamjua. Ukoo wao wa Kibara na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Mimi naweza kuchukua kuku wake mchana kweupe na yeye hana pa kushtaki. Naye anaweza kuja kwenye arusi yangu akakaa kiti cha bwana arusi, na kweli alikaa, Tereza wangu akacheka mpaka shela ikadondoka. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekwenda kumfanyia maiti mzaha, ili waliobaki wakumbuke kupumua. Hiyo ndiyo kazi. Mtani halii. Akilia anatozwa faini.

Mimi nililia.

Mtani mwenzangu mmoja, jina lake Kwangu, yeye aliruka akaingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema pamemfaa, watafute shimo jingine, au wampe jogoo. Watu walicheka. Dorotea mwenyewe, mjane, alicheka. Mimi nimesimama pembeni, mdomo wazi kama kambale aliyetupwa mchangani, machozi yanashuka hadi kwenye ndevu. Watani wakakaa kikao pale pale. Jogoo wangu wa pekee akakamatwa, akaliwa siku hiyo hiyo, nami nikagawiwa shingo.

12 Machi

Mvua. Sufuria nimeiambia habari za asubuhi, basi.

Jumamosi, 16 Machi

Boniphace, mdogo wake Masatu, kapita na tangazo. Matanga yatamalizwa pamba ikishauzwa, tarehe kumi na tatu Julai. Siku hiyo mtani mmoja huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, watu wakamwona mtu wao mara ya mwisho. Kisha uwanja unafagiwa na msiba umekwisha. Watu wengi hawakumbuki sana marehemu alivyokuwa. Wanakumbuka mtani alivyomfanya.

Kwangu kesha sema atamfanya Masatu akiwa amelewa. Atatoka kilabuni, atabisha hodi kwenye banda la mbuzi, atamwomba beberu msamaha kwa kuchelewa. Boniphace alisimulia huku anacheka, akakohoa.

Ni kweli Masatu alilewaga. Na beberu kweli aliombwa msamaha. Lakini Masatu alilewaga Jumamosi. Siku nyingine sita alikuwaga juu ya Korongo, baiskeli yake ya gurudumu moja.

Nikamwambia Boniphace amwambie Kwangu akae na mbuzi wake. Masatu nitamfanya mimi, nikiwa juu ya Korongo. Boniphace akaacha kucheka. Alisema, "Wewe mzee? Na miaka sitini na nne hiyo?" Nikamwambia sitini na tatu.

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kumchukua Korongo.

Niandike alivyo, maana Marcelina anapenda maelezo kamili. Chini lipo gurudumu moja la baiskeli ya kawaida. Moja tu. Juu yake fremu mbili zimechomelewa, moja imeikalia nyingine. Hendeli hakuna. Pedeli zipo huko juu, na cheni mbili zilizounganishwa zinashuka mpaka kwenye gurudumu. Siti inanifika kwenye paji la uso. Gia ya chini ameichomelea isizunguke bure: ukikanyaga mbele unakwenda mbele, ukikanyaga nyuma unarudi nyuma, ukiacha kukanyaga unalala chini. Masatu alikitengeneza chombo hiki mwaka sitini na nane baada ya kuona picha kwenye gazeti lililofungia nyama. Akakiita Korongo kwa sababu ya mguu mmoja.

Kila siku alipanda, siku ya mnada zaidi, akazunguka mbele ya baraza huku anaita, "Mwenye baiskeli mbovu alete! Mwenye mke mbovu aende kwa padri!" Watu wakajaa, baiskeli zikaja. Tulikwenda nacho Saba Saba Musoma, tulikwenda arusi za Butiama na Kibara. Nasema tulikwenda, kwa sababu Korongo hapandiki bila bega. Nilisimama kushoto kwake, mkono wake wa kushoto kwenye bega langu la kulia, akapanda. Kushuka vile vile. Aliniita Ngazi. Kwa miaka kumi na saba mji mzima uliniita Ngazi, hata balozi wa nyumba kumi aliandika hivyo kwenye karatasi ya sukari ya mgawo, nikanyimwa sukari kwa sababu jina halikulingana na kadi.

Dorotea alinitazama nikimtoa Korongo ukutani. Akasema, "Shemeji, wewe ni ngazi. Ngazi ikipanda, inapandia wapi?"

Nikachukua na parachichi lake moja kama mtani, nikaondoka. Boniphace kanisindikiza mpaka njia panda, macho yake kwenye tairi. Tairi la baiskeli yake mwenyewe amelijaza majani makavu na kulifunga kwa vipande vya mpira, mwaka wa pili sasa, maana tairi hazipatikani Bunda wala Musoma. Tumekubaliana: Korongo akae mzima mpaka matanga. Baada ya hapo tairi na cheni ni zake.

20 Machi

Nimeanguka mara nne. Matope ni mengi, hayaumizi.

21 Machi

Mara tisa. Gurudumu linazama.

22 Machi

Nilianguka mara moja tu, kwa sababu baada ya hapo sikuamka haraka. Nililala nikitazama mawingu kutoka upande wa ziwa. Kwa miaka yote hiyo, huyu mtu akianguka alikuwa ananiangukia mimi. Mimi namwangukia nani?

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Felisian jirani yangu, ambaye ni katekista na ana kilo nyingi kuliko dhambi, kanipita nikiwa nimekumbatia Korongo uwanjani. Aliuliza kama sitaki kwenda kufurahia ufufuko. Nikasema nasubiri wa kwangu, akininyanyua ndio utakuwa huo. Akaninyanyua. Alisema ataniombea. Nikamwambia aombee goti la kushoto, la kulia bado linaamini.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimegundua tatizo.

Nimempandisha Masatu mara nyingi kuliko nilivyoona mvua. Lakini sijui alipandaje. Sijui mguu gani ulitangulia. Sijui mkono wa kulia ulishika wapi. Sijui kwa sababu sikuwahi kutazama. Alinikataza. "Ngazi ikitazama juu inayumba," alisemaga. "Wewe tazama watu, Ngazi." Basi nikatazama watu miaka kumi na saba. Nawajua watu wote wa Bunda wanavyokaa midomo wazi. Masatu simjui.

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikafumba macho, nikaliuliza bega. Niliposimama nikafumba tena, likaanza kunijibu kidogo kidogo. Kwanza mkono unatua. Halafu kishindo kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu cha mpira: hapo mguu umekanyaga juu ya tairi. Halafu mkono unasogea mbele kidogo. Halafu anapumua kwa pua, na mkono unakuwa mwepesi. Halafu haupo.

Kwa hiyo unaanza na tairi! Mimi nilikuwa narukia pedeli moja kwa moja kama chura. Nimejaribu mara tatu kabla ya mvua kuanza. Mguu wa kushoto juu ya tairi, nyuma ya fremu, mikono miwili imeshika siti. Nimesimama hewani muda wa kuhesabu mbili.

Mbili ni nyingi. Jaribuni nyie.

23 Aprili

Tatu.

24 Aprili

Mvua siku nzima. Korongo nimemlaza ndani, upande wa kitanda ambao hauna mtu.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua zinaaga, na ardhi inaanza kuwa ngumu. Kila siku ninayochelewa, uwanja unakuwa na roho mbaya zaidi. Pamba imepasuka shambani, nachuma asubuhi, naanguka jioni. Jana nilitandika mafungu ya pamba yangu chini ili niyaangukie. Nikaanguka vizuri sana, raha tupu, lakini leo Felisian kanionyesha: pamba imeingia vumbi, majani na mavi ya kuku. Ilikuwa safi, sasa ni fifi, na fifi hata mtu wa mizani wa ushirika anaishika kwa vidole viwili. Mtu mzima nimeharibu daraja la pamba kwa makalio yangu.

Nilikuwa na hasira ya aibu, ndipo nikamwomba Felisian anipe bega mara moja tu, nione juu kukoje. Akasimama. Nikaweka mkono, nikakanyaga tairi, nikajivuta.

Alipiga kelele. Alisema nimemvunja. Alisema, "Mzee Clementi, mkono wako ni mzigo wa mawe, nimesikia mpaka kwenye kisigino!" Na shati lake la Jumapili likachanika begani. Mimi ni mwembamba, nguo zote zinanipwaya. Masatu alikuwa mnene mara moja na nusu.

Nimemshonea shati. Wakati nashona nikatoa mashati yangu ya zamani yote, yale ya Bunda, ya Saba Saba, hata lile la arusi ya Butiama. Nikatazama bega la kulia. Kola zimeliwa, viwiko vimetoboka. Bega la kulia ni zima. Ukilinganisha na la kushoto, hakuna tofauti.

Ijumaa, 3 Mei

Sijachuma pamba. Nimekaa nawaza arusi ya Butiama, mwaka sabini na nne. Pale nilichelewa. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe na mimi nilikuwa karibu nayo. Nikasikia vigelegele, nikakimbia na mfupa mkononi, nikamkuta Masatu kesha kuwa juu, anazunguka. Baadaye nikamuuliza nani alimshika. Alisema kijana mmoja wa pale pale. Nikamuuliza kijana yupi. Alisema kesha kwenda kuchunga.

Kuchunga. Siku ya arusi, saa tisa mchana, kijana anaacha nyama anakwenda kuchunga.

Jumapili, 5 Mei

Nimetoka kwa Dorotea.

Alikuwa anaanika udaga wa muhogo juu ya mwamba. Sikusalimia vizuri. Nikamuuliza kama mumewe alikuwa anajua kupanda peke yake.

Aliendelea kuanika. Akamaliza upande mmoja, akahamia wa pili. Nikajua jibu tayari, lakini nilitaka alitoe mwenyewe, kwa hiyo nikasimama pale kwenye jua.

Mwisho akasema, "Alikuwa anapanda kila asubuhi, hapo nyuma ya zizi, kabla hujafika. Akisikia unakohoa njiani, anashuka anamwegemeza ukutani."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi, miaka yote, mvua na jua, nimesimama kama mlingoti mbele ya watu naitwa Ngazi. Hapo ndipo akafuta mikono na kukaa.

"Shemeji, ule mwaka Tereza alipokufa ulikuwa hutoki ndani. Tukikuletea chakula tunakikuta pale pale, kina sisimizi. Masatu alijaribu utani, hukujibu. Alijaribu kukuchukulia mbuzi, ukasema mchukue. Siku moja akaja kwako akasema amekwama, ana kitu hakipandiki bila mtu wa kushika. Ukatoka." Akapindua kipande kimoja cha udaga. "Niliwahi kumwambia akwambie ukweli. Alisema, nikimwambia najua kupanda, atakuja kufanya nini?"

Niliondoka bila kuchukua kitu hata kimoja. Nilipofika njia panda nikakumbuka kwamba mtani asiyechukua kitu ni kama amegombana, lakini sikurudi.

6 Mei

Mwongo.

9 Mei

Nimechuma pamba. Masatu ni mwongo na mnene.

Jumatatu, 20 Mei

Siandiki kwa sababu nikiandika namwona. Korongo nimemtoa nje, nimemwegemeza kwenye choo, alale na harufu.

Nilifikiri mimi ndiye nilikuwa namsaidia. Hicho ndicho nilikuwa nacho. Watu wengine wana ng'ombe, wana bati jipya, wana watoto hapa hapa kijijini. Mimi nilikuwa na bega. Nikiwa mwenyewe kwenye ugali wangu na dagaa, nilijiambia: bila wewe, bwana, yule haendi popote. Sasa naambiwa alikuwa anakwenda vizuri tu. Nilikuwa mgonjwa, nikatafutiwa kazi ya mgonjwa.

Na wa kumpiga kofi hayupo.

Musoma, Bweri. Jumamosi, 1 Juni

Nimekuja kwa Marcelina na gari la samaki kutoka Bunda. Aliponiona mikono na shingo aliuliza nani ananipiga. Nikasema gurudumu. Akaniandalia sato na maji ya moto, akanikanda goti huku ananigombeza kimwalimu, sentensi fupi fupi. Nikamsimulia yote, na ya Dorotea.

Nilidhani atanionea huruma. Alisema, "Baba, ulifika kwake saa ngapi kila siku?" Nikasema saa moja, kabla ya chai. "Na yeye siku hizo zote hakuwahi kukuta unachelewa akaondoka peke yake?" Nikafikiri. Mara moja tu, Butiama. Akasema basi, akaendelea kukanda.

Jioni alinipitisha dukani mjini. Sikuamini. Sabuni imepangwa. Kitenge kinaning'inia. Na tairi za baiskeli, mpya, nyeusi, zimetundikwa darini kama maandazi. Mwaka jana ungeuliza tairi ungepelekwa kituoni uwaeleze unataka kukimbilia wapi. Sasa wenye hela zao wameruhusiwa kuleta vitu. Mwenye duka alinikaribisha kwa Kiswahili cha upole, nikashika tairi moja, nikainusa, nikairudisha. Nilifikiri Boniphace atafurahi. Halafu nikafikiri: basi sasa Korongo hatakiwi hata na mwizi.

Nyasura. Jumatano, 5 Juni

Nimemtoa chooni. Nimemfuta kwa mafuta ya pamba.

Nilimwambia: nimerudi kwa sababu ya Kwangu na beberu wake, sio kwa sababu yako.

10 Juni

Ardhi ni sufuria. Mara sita. Kiwiko.

14 Juni

Juu ya tairi naweza kusimama hata hesabu ya kumi. Kinachonishinda ni kutoka kwenye tairi kwenda pedeli ya kulia. Nikinyanyua mguu, Korongo anataka kwenda Mwanza.

Kwangu kapita, akasimama barabarani na baiskeli yake. Hakunitania, na hilo liliniudhi. Huyu naye anaishi peke yake tangu mkewe aende Tarime kwa kina kaka zake na kusahau kurudi. Alisimama muda mrefu kama mtu asiye na haraka ya kufika kwake. Mwisho akasema kama nikishindwa nimwambie mapema, afanye mazoezi na mbuzi. Nikamwambia mbuzi hamhitaji, wanafanana.

20 Juni

Pamba imepimwa. Magunia mawili safi, moja fifi. Mtu wa mizani aliuliza fifi hii ilipatwa na nini. Nikasema iliangukiwa na mzee.

Alhamisi, 27 Juni

Niandike polepole.

Asubuhi, jua halijapanda juu ya mwamba. Nilikuwa nimechoka kufikiria, na nadhani hiyo ndiyo dawa. Mguu wa kushoto juu ya tairi. Mikono kwenye siti. Nikakumbuka bega: pale mwishoni, alipumua kwa pua, na mkono ukawa mwepesi. Nilidhani siku zote mkono ulikuwa mwepesi kwa sababu kesha fika. Sivyo. Unakuwa mwepesi kwanza. Unaacha kushika, ndipo unapanda.

Nikapumua kwa pua. Nikaacha kujivuta. Mguu wa kulia ukaenda wenyewe kwenye pedeli, siti ikaja chini yangu kama mtu anayekusogezea kiti, na mguu wa kushoto ukakuta pedeli yake inasubiri. Nikakanyaga. Nikakanyaga tena.

Nilikuwa juu.

Nimeona paa langu kwa juu, bati lile lililooza. Nimeona kule ng'ambo uwanja wa Felisian, suruali yake imeanikwa, kubwa kama tanga la mtumbwi. Nimeona kipande cha ziwa, nilikuwa sijui kama kutoka kwangu ziwa linaonekana. Nilikwenda mpaka kwenye ua wa mnyaa na kurudi nusu, nikaanguka, sikuumia, au niliumia lakini sikupokea.

Nikatazama huku na huku nimtafute mtu wa kumwambia. Mtu wa kumwambia ndiye huyo amekufa.

Nikaenda ndani nikaiambia sufuria.

Jumapili, 7 Julai, Saba Saba

Redio kwa Felisian inasema mkubwa wa nchi anataka kupumzika mwaka huu, arudi kwao Butiama akalime. Wazee wakabishana kama mtu anaweza kukaa juu miaka yote hiyo halafu akashuka kwa hiari. Mimi nikasema kupanda ni hatua tatu, kushuka sijui. Walidhani nafanya siasa, wakaniambia niteremshe sauti. Nilikuwa nasema habari ya Korongo. Kupanda nimeweza mara tano sasa. Kushuka bado naanguka tu.

Jumapili, 14 Julai

Jana matanga yamekwisha. Naandika asubuhi hii.

Watu walikuwa wengi, wa Kibara walikuja na magunia ya dagaa, mpaka njiani wamekaa. Dorotea na wanawake kwenye mikeka. Boniphace alifika na baiskeli yenye tairi jipya la Musoma, anaipitisha pole pole kila mahali ili tuione. Kwangu alikuwa mbele kabisa, na kamba mkononi, na kwenye kamba beberu. Alikuja tayari, akijua nitashindwa.

Nilivaa nyuma ya zizi. Koti la Masatu, kofia yake ya kijani, na mto tumboni. Nikatoka nikisukuma Korongo, natembea ule mwendo wake wa vidole nje kama bata. Vicheko vikaanza. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaweka mguu juu ya tairi, nikajaribu, nikaanguka. Kwangu akaniuliza kama ni mwaka huu au mwakani. Nikanyanyuka, nikavuta mto ukae sawa, nikaweka mguu tena. Nikapumua kwa pua.

Nikasikia uwanja wote umenyamaza, na wakati huo nimeshakuwa juu.

Nikazunguka. Nikaita, kwa sauti yake ile ya puani, "Mwenye baiskeli mbovu alete! Mwenye mke mbovu aende kwa padri!" Mama mmoja wa Kibara akapiga kigelegele. Watu walicheka, wakashikana, dada yake Masatu alilala kwenye mkeka akipiga ardhi kwa kiganja. Nikalizunguka kaburi, nikamtukana Boniphace kwa sauti ya kaka yake kwamba tairi jipya ni la mtu mvivu. Nikarudi mbele. Nilimfanya vizuri. Naandika bila aibu, nilimfanya vizuri sana.

Halafu ikafika kushuka. Na Masatu akitaka kushuka alikuwa na lake la kusema, na mimi nilikuwa ndani ya Masatu, likatoka lenyewe.

"Ngazi! Ngazi, lete bega, nashuka!"

Watu wakageuka. Kweli waligeuka, wote, kunitafuta. Walitazama kushoto, pale ninaposimamaga. Na mimi nikatazama. Mara ya kwanza nikapaona mahali pangu kutoka juu, mahali alipokuwa anapaona yeye miaka kumi na saba. Ni padogo. Ni pa mtu mmoja. Hapakuwa na mtu.

Vicheko vikakatika. Machozi yakanikaribia, yale yale ya kaburini. Nikakanyaga mbele, nikakanyaga nyuma, nimesimama pale pale juu ya mguu mmoja, na nikamwona Kwangu chini ananitazama machoni, anasubiri chozi. Mtani halii. Hata jogoo wa kutozwa sikuwa naye tena.

Basi nikageuza kichwa kama mtu anayeongea na aliye juu yake, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Ngazi hayupo, bwana. Shuka mwenyewe, mwongo mkubwa wewe. Siku zote ulikuwa unajua."

Watu wakapasuka kwa kicheko, wakadhani ni utani tu. Dorotea peke yake hakuwa amedhani. Alivuta kanga akajifunika uso mzima, mabega yanatikisika, na mpaka sasa sijui chini ya kanga kulikuwa na kipi.

Na nikashuka. Nilimwachia Korongo aende mbele, mimi nikabaki nyuma, nikatua kwa miguu miwili. Koti likapasuka mgongoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushuka bila kuanguka.

Uwanja ukafagiwa. Nilichukua kuku wa Dorotea, mkubwa, mbele ya macho yake. Akanitukana vizuri. Beberu wa Kwangu hakuombwa msamaha na mtu.

Jumanne, 16 Julai

Boniphace kasema tairi la Korongo halitaki tena, kuukuu. Korongo ni wangu.

Asubuhi nilipanda, nikazunguka uwanja, nikaona ziwa. Nilikuwa juu niliposikia mtu anakohoa njiani. Nikashuka haraka, nikamwegemeza Korongo ukutani, nikakaa kwenye kinu kama mtu aliyekaa tangu jana.

Alikuwa Kwangu. Amekuja bila baiskeli, bila beberu, shati limefungwa vifungo vibaya. Alizungukazunguka maneno, pamba, bei, vumbi. Mwisho akauliza kile kitu kinapandwaje, peke yako vile.

Nilimtazama. Amekonda. Nadhani naye anayo sufuria.

Nikamwambia asidanganywe na mambo ya Jumamosi, ile ilikuwa bahati ya siku moja, na nguvu za marehemu. Nikamwambia chombo hiki hakipandiki bila mtu wa kushika. Nikamsimamisha kushoto, nikaweka mkono wangu begani pake, mwepesi.

"Usitazame juu," nikasema. "Ukitazama juu unayumba. Na kesho usichelewe."

Amesema saa moja atakuwa amefika.